Kushoto, Kulia, na Kisogo cha Mkunya

Nyumbani kwa padre wa misheni, pale Masasi, kulikuwa na kitabu kikubwa kama sinia la ubwabwa, na ndani yake waliweka maisha yote ya mchoraji mmoja wa Ulaya. Hayakuwa maisha ya kusimuliwa, yalikuwa maisha ya picha. Kurasa za mwanzo mchoraji bado kijana: anachora njiwa, anachora viatu, anachora shangazi yake akimenya viazi, na kila kitu kinafanana na chenyewe. Ukifika katikati ameota ndevu, na viatu vimeanza kupinda. Kurasa za mwisho amekuwa mzee mwenye jina lake, na hapo hujui tena kiatu ni kipi na shangazi ni yupi. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno machache ya kueleza alikuwa wapi siku hizo na alikuwa akihangaika na nini.

Mimi sikuitwa pale kusoma. Niliitwa kupaka chokaa baraza. Padre akanikuta nimesimama na brashi inadondoka kwenye sakafu yake, namtazama mwanamke mmoja aliyechorwa kwa ubavu, lakini macho yake yote mawili yako upande mmoja wa pua.

"Unampenda?" padre akaniuliza.

"Namwonea huruma, Baba. Yeye na aliyemchora."

Padre akacheka mpaka miwani ikateleza. Akaniambia huyo ni mchoraji wa kisasa, na watu hupanda meli kwenda kumwona. Nikasema haidhuru, bado namwonea huruma. Nilidhani nimemwelewa, unajua. Nilidhani na yeye alijifunza kuchora kwenye sarafu kama mimi, halafu watu wakamdai jicho la pili.

Tangu siku hiyo nilitamani kitabu changu. Najua hakitachapwa, kwa sababu kazi zangu ziko kwenye kuta za udongo na ukuta hauingii ndani ya kitabu. Anayetaka kuziona kwa mpangilio itabidi atembee: aanzie Lupaso kwa mama yangu, ashike njia mpaka Nanganga, arudi Masasi, kisha apande Newala na aishie Mkunya. Aondoke na maji ya kunywa. Kwa asiye na miguu ya safari hiyo, nitajaribu kueleza hapa hapa.

Shuleni nilifika darasa la nne. Somo la kuchora halikuwepo. Kulikuwa na hesabu, dini, na kulima shamba la mwalimu. Picha pekee ya fundi wa kweli niliyoweza kuishika mkononi ilikuwa kichwa cha Mfalme wa Uingereza kwenye shilingi. Mama alikuwa nayo moja, ameifunga kwenye pindo la kanga kwa fundo ambalo hata yeye alilifungua kwa meno. Jioni akiwa na moyo mzuri alinifungulia nikaichora kwa mkaa juu ya gome la mti, kisha akaifunga tena. Sasa, Mfalme yule alitazama kushoto. Nikamchora mpaka nikamweza kwa macho yaliyofumbwa, na nilipoanza kuchora watu wengine wakawa wote wanatazama kushoto. Mwalimu alitazama kushoto. Malaika walitazama kushoto. Nilichora mechi ya mpira, timu zote mbili zikawa zinashambulia goli moja.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa marehemu baba. Mama alinipa ukuta wa nje wa jiko, akasema, "Nichoree baba yako, niwe na mtu wa kuongea naye nikipika." Nikachanganya mkaa na udongo mwekundu, nikatia uji wa muhogo ili rangi ishike, nikamchora kwa mapenzi yangu yote. Mama alifurahi sana. Asubuhi alimsalimia, akamweleza bei ya chumvi. Lakini upande wa kushoto wa jiko letu kulikuwa na ua wa kuogea wa jirani, na siku ya tatu jirani akaja na ndoo yake tupu.

"Mwambie mumeo ageuke, nataka kuoga."

"Jirani," mama akasema, "mume wangu ni marehemu, unajua wewe, ulikuja msibani."

"Marehemu ana jicho!"

Wakabishana pale mpaka ugali ukaungua. Mwishowe waliamua mbuzi. Waligundua kwamba rangi ile ina uji wa muhogo, wakamlamba baba kuanzia jicho, na jirani akaoga kwa amani. Mama alilia kidogo, halafu akacheka, akasema hata alipokuwa hai wale mbuzi walimpenda yeye kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo picha ya kwanza haipo. Kwenye kitabu changu ukurasa huo ungeachwa mtupu, na chini yake maneno: Mchoraji alikuwa kwao, akihangaika na mbuzi.

Ya pili iko Nanganga, barabarani, kwenye mgahawa wa chai. Mwenye mgahawa alitaka mtu mnene anayekunywa chai, ili wapita njia waone kwamba kwake watu hunenepa. Nikamchora, kikombe mkononi, anatazama kushoto. Upande wa kushoto, hatua chache tu, palikuwa na mgahawa wa mpinzani wake.

"Kijana," akaniambia, "huyu mteja wangu anaelekea wapi?"

"Anakunywa chai, Mzee."

"Anakunywa kwangu, roho iko kwa mwenzangu! Mgeuze."

Sikujua kumgeuza, nikasema ningoje rangi ikauke, nikakimbilia Masasi.

Mungu si wa mtu mmoja. Mfalme alikufa kule kwao, Malkia akashika kiti, na baada ya muda zikaja sumni mpya, zile za senti hamsini, zenye kichwa chake. Karani wa posta alinionyesha moja. Nikaishika ile sumni, nikaielekeza kwenye mwanga: Malkia alitazama kulia! Watu wengine wanakumbuka miaka ile kwa mambo ya utawala. Mimi nakumbuka kwamba dunia iligeuka, na upande mzima wa binadamu ambao sikuwahi kuuona ukafunguka mbele yangu. Nikarudi Nanganga kwa miguu, nikapaka chokaa juu ya yule mnene, nikamchora upya anatazama kulia, mlangoni kabisa. Chokaa ilikuwa nyepesi. Mvua ya kwanza ilipopiga, yule wa zamani akatokea chini yake, na ukuta ukawa na mtu mmoja mwenye nyuso mbili, moja huku na moja kule. Mwenye mgahawa alifurahi kuliko nilivyotegemea. Aliwaambia wateja, "Huyo anaangalia pande zote, asije akaibiwa chai." Bado yupo, mkipita mtamwona.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku napanda Newala: mchoraji wa kushoto na kulia, kijana mwenye brashi za katani alizozifunga mwenyewe, na furaha isiyo na sababu.

Fundi cherehani mmoja wa Newala, karibu na boma, aliniita nimchoree mwanamke mwenye gauni. Nikamchora anatazama kulia, gauni la buluu ya kufulia, vizuri tu. Nilipomaliza nikaomba maji ya kusafisha brashi. Fundi alikuwa ndani, amelala mbele ya mashine yake, nami nikaona debe limejaa pembeni ya mlango. Nikachovya brashi zangu zote, nikazikoroga, maji yakawa buluu, nikayamwaga mchangani kama ninavyofanya Masasi.

Nyuma yangu mtu akavuta pumzi kama aliyechomwa mwiba. Alikuwa msichana, debe kichwani, shingo imenyooka, jasho linamtiririka. Ndiyo kwanza anatoka bondeni.

"Samahani, kaka," akasema kwa upole mkubwa. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, dada."

"Anajua kwamba unamwaga maji?"

Nikatazama chini. Mchanga ulikuwa umeshayanywa, imebaki alama ya buluu.

"Maji yale," akasema, "nimeyaleta mimi jana. Yangemnawisha fundi uso, yakaosha mboga, yakanywewa na kuku, ndipo yangemwagwa, tena si hapo, kwenye mpapai. Wewe umeyaua yakiwa bado mtoto."

Nikamwambia sikujua, kwetu Lupaso maji yako tu. Akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba kwetu nyama inaota mitini. Huku juu ya uwanda visima havipo. Maji yako chini kabisa bondeni, na kila tone limepanda mlima juu ya kichwa cha mwanamke. Serikali ilikuwa ikizungumza habari ya kuleta bomba. Bomba lilikuwa bado linakuja.

Nikamwomba nimsaidie kushusha debe. Akacheka. "Wewe? Ulimwage na hili?" Akaenda zake. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, na nikajua hapo hapo kwamba nikirudi Lupaso nitarudi nusu.

Sitaeleza yote. Mwezi ule nilipata kazi nyingi sana Newala, nyingine nilizibuni mwenyewe. Kwao ilikuwa Mkunya, si mbali, na kila alipopita na debe nilimsalimia, na kila aliponijibu alinitania habari ya maji, mpaka siku moja hakunitania, akaniuliza tu kama nimekula. Basi. Nikamtumia salamu mama yake, mama yake akasema neno si lake, neno ni la kaka yake. Kwetu sote huku Kusini ni hivyo: binti ni wa mjomba wake. Nikafua shati, nikaenda Mkunya.

Mjomba alikuwa mzee wa kanisa, mwenye mihogo na mikorosho, na mwamvuli mweusi aliotembea nao kiangazi chote. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya bati, ya kwanza mtaani kwake, kuta bado za udongo mtupu. Alinikaribisha kwenye kigoda, akaanza kukunja mwamvuli wake taratibu, kunjo kwa kunjo.

"Shikamoo, Mzee," nikasema tena.

"Marahaba, umeshaniamkia. Sasa sikia. Huku mume anakuja kwetu, na kabla hatujampa mke tunaitazama mikono yake. Mwenzako aliyemwoa dada wa binti huyu alilima shamba lile mpaka kwenye mkorosho wa mwisho. Mwingine alinijengea ghala. Wewe unajua nini?"

"Kuchora, Mzee."

"Kinalika?"

"Mbuzi wanakipenda."

Mama wa binti, aliyekuwa akitwanga nyuma ya nyumba, akaacha kutwanga. Nikasikia kicheko kinazibwa kwa kanga. Mjomba hakucheka.

"Vizuri. Ukuta ule wa mbele, pembeni ya mlango, paka chokaa, kisha nichoree mama yangu. Alikufa kabla bati halijafika, na nyumba hii niliiota kwa ajili yake. Nataka akae pale awapokee wageni. Uso mzima. Nimepita kwa yule fundi cherehani, nimeona mambo yako, yule mwanamke wako amekatwa katikati kama papai. Mama yangu hakuwa nusu. Picha ikiwa yeye, binti ni wako. Ikiwa siyo yeye, utaipaka chokaa, utarudi kwenu, na hapa kuna karani wa boma aliyekwisha kuleta salamu za posa."

Nikasema ndiyo Mzee, nikatabasamu kwa mdomo tu. Hakuna sarafu ya serikali yoyote inayoonyesha mtu kwa mbele. Kila nilipojaribu uso mzima, pua ilikuwa adui yangu. Ikawa kisu, ikawa muhogo, ikawa mlango. Na huyu mama sikuwahi kumwona, wala picha yake haikuwepo.

Nikaanza kuuliza. Mjomba akasema alikuwa na macho makubwa ya kutisha wakora. Dada yake, yaani mama wa binti, niliyetamani awe mama mkwe wangu, akasema macho yalikuwa madogo, yamejaa huruma. Mjomba akasema chale za shavuni zilikuwa mistari. Mama akasema zilikuwa mistari lakini si ile, ilipanda. Mjomba akasema, "Mimi ni mwanawe!" Mama akasema, "Na mimi niliokotwa?" Wakaacha kuongea siku nzima, wakawa wananituma mimi. "Mwambie huyo kwamba ndonya ya mdomo wa juu ilikuwa kubwa." "Mwambie huyo kwamba alikuwa mtoto, anajua nini habari ya ndonya."

Katika kukata tamaa nilikumbuka kitabu cha padre. Nikaenda ukuta wa jikoni, nikamchora bibi kwa ubavu, anatazama kulia, kisha nikaongeza jicho la pili upande ule ule. Msichana wangu akaja kutazama. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Huyu ni samaki?"

"Ni bibi yako. Ni mtindo wa kisasa."

"Futa," akasema, "futa kabla Mjomba hajaja. Mimi nataka kuolewa." Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Nikafuta kwa mikono miwili, nikafuta na udongo wa ukuta, nusura nitoboe jiko.

Hata chokaa yenyewe ilikuwa bado kwenye gunia, maana chokaa inataka maji, na ilikuwa kiangazi. Mama mkwe akaniambia waziwazi, "Mwanangu, hakuna mwanamke wa Mkunya atakayepanda mlima kwa ajili ya ukuta. Tena kwa ajili yako, uliyemwaga lile debe la Newala. Hata watoto wanalijua debe lile. Utajitekea." Akanipa debe na kata ya kitambaa ya kuwekea kichwani.

Alfajiri nikaingia kwenye mstari. Wanawake wa Mkunya hushuka bondeni kwa mstari mmoja, njia ni nyembamba. Waliponiona na kata kichwani, mazungumzo yakakatika, kisha yakarudi kwa Kimakonde, na kicheko kikatembea kutoka mbele mpaka nyuma, kikanipitia mimi katikati kama upepo.

"Shemeji," mmoja akasema, "mkeo anaumwa?"

"Sina mke bado, dada."

"Kumbe unafanya mazoezi!"

Kushuka si kitu. Kisimani wakanijazia, wakaweka tawi la majani juu ya maji yasirukeruke, wakanitwika. Shingo yangu ikaingia mabegani kama ya kobe. Nilipiga hatua, maji yakanimwagikia mgongoni. Nikayumba, yakamwagikia aliyenifuata.

"Jamani, mvua imewahi mwaka huu!"

"Fundi, tumeshaoga, asante!"

Nilicheka na mimi, na nilipocheka nikamwaga zaidi. Nilifika juu na maji ya kutosha kunywesha kuku mmoja. Siku iliyofuata nikarudi, na iliyofuata. Msichana wangu alinifundisha: usitazame chini, tazama mgongo wa aliye mbele yako, miguu itajua yenyewe. Nikatazama. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo wao hawakuliona, kwa kuwa walikuwa nalo kila siku.

Kwenye njia ile hakuna anayegeuka. Mwenye debe kichwani hageuki. Wanazungumza, wanagombana, wanachekana, wanapeana habari za uzazi na za msiba, na wote wanaongea na kisogo. Wanajuana kwa visigino, kwa fundo la kanga, kwa jinsi kiuno kinavyojibu mlima. Ukungu ukiwa mzito wanasema, "Yule mbele ni fulani," na ni yeye.

Nyuma yangu siku hiyo alikuwa bibi mmoja mwenye ndonya, mkongwe kuliko wote, ambaye bado aliteka kwa mtungi na kuwatukana wenye madebe. Nikamwuliza, bila kugeuka, kama alimjua mama yake mjomba.

"Kumjua? Nimetembea nyuma yake tangu tulipotoka unyagoni mpaka alipokufa! Alikuwa na haraka, yule. Mkono wa kulia kiunoni hivi, wa kushoto unaning'inia, mtungi hashiki kamwe. Na kichwa amekiinamisha kidogo, kama anasikiliza kitu kinachomwita huko juu."

"Kweli kabisa," akasema wa mbele.

"Na kisigino cha kushoto hakigusi sana," akasema mwingine huko mbali.

"Na mtoto wa mwisho mgongoni, mzito kama gunia," akasema bibi, "huyo huyo mwenye mwamvuli."

Mstari mzima ukakubali. Habari za macho yake waligombana hata ndugu wa tumbo moja. Habari za mgongo wake mlima mzima ulikuwa na neno moja. Nilipanda siku ile bila kumwaga hata tone, nilivyokuwa nimefurahi.

Nikapaka chokaa. Nikachora kwa udongo mwekundu na majivu, na weusi nikaukamua kwenye maganda ya korosho, ambao mbuzi hawaulambi na vidole vyangu vilibabuka mpaka nikashika brashi kwa kiganja. Nikatundika mkeka mbele yake mtu asione. Hata msichana wangu nilimkatalia. "Ni uso mzima?" akaniuliza. Nikasema ni yeye mzima. Akanitazama muda, akasema, "Usinidanganye, nitakutwika debe mpaka uzee."

Jumapili baada ya kanisa mjomba akaja na mwamvuli wake, na dada yake, na nusu ya mstari wa maji, na bibi mwenye ndonya ameketi juu ya kinu. Nikatoa mkeka.

Pale pembeni ya mlango mwanamke alikuwa anapanda. Mtungi kichwani, mkono wa kulia kiunoni, wa kushoto unaning'inia, kisigino kimeinuka, kichwa kimeinama kidogo. Mtoto mgongoni sikumchora, niliogopa. Nilimchora mama peke yake, amewapa kisogo watu wote.

Mjomba akafunga mwamvuli. "Mama yangu yuko wapi?"

"Huyo hapo, Mzee."

"Huyo anaondoka!" Sauti yake ikapanda. "Nimekuomba mama wa kupokea wageni, umenichorea mama anayewakimbia! Uso uko wapi? Mgeni atakuja hapa atasema, mama wa huyu mzee alikuwa kisogo? Leteni chokaa!"

Mtu hakusogea. Nikamwona msichana wangu ameshika pindo la kanga yake kwa meno, kama mama yangu na ile shilingi. Nikasema kwa sauti isiyo yangu, "Chokaa ipo kidogo imebaki, Mzee," maana ndivyo tulivyopatana, nikainama kuchukua ndoo.

"We!" bibi mwenye ndonya akapiga kelele kutoka kwenye kinu. Nikadhani ni mimi. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiutazama ukuta, ameudhika hasa. "We! Punguza mwendo! Kila siku nakwambia, punguza mwendo, wenzako tumechoka!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kisha kikakatika, maana bibi mwenyewe hakucheka. Alikuwa amenyoosha mkono, kama mtu anayetaka kushika ncha ya kanga. Mama wa binti akajifunika uso.

Mjomba alibaki amesimama. Akausogelea ukuta, karibu sana, karibu kuliko anavyosimama mtu anayetazama picha. Akasimama pale pua yake ilipofika kwenye shingo ya mama yake. Alibaki hivyo mpaka kuku wakarudi uani.

"Sikio," akasema.

"Sikio gani, Mzee?"

"La kushoto. Huku chini kulikuwa na pengo. Nililikata mimi." Akaligusa kwa kidole, na kidole kikapata weusi wa korosho, hakujali. "Alivaa kipuli, nami niko mgongoni, nikakivuta mpaka kikachana sikio. Tulikuwa tunapanda. Hakugeuka, angegeukaje, ana mtungi. Alisema tu, acha, mwanangu. Uso wake nilikuwa nausahau. Hapa sijasahau. Weka pengo."

Nikaweka ndoo chini, nikachukua brashi nyembamba kuliko zote. Ni kazi ndogo kuliko zote nilizowahi kufanya, ndogo kama punje ya mtama. Mjomba alisimama nyuma yangu akielekeza. "Juu kidogo. Siyo hapo. Hapo. Basi." Nilipomaliza akafungua mwamvuli, akawatazama wote kwa ukali, kama waliokuwa wamelia ni wao tu.

"Karani wa boma," akasema, "anajua kuteka maji?"

"Hajui, Mjomba," binti akajibu haraka mno.

"Basi. Lakini wewe," akanigeukia, "maji ya kupikia harusi yako utayateka mwenyewe. Yote. Na ukimwaga, nitasikia."

Niliyateka. Vidole vimefungwa kwa majani ya mgomba, shingo imekwisha kunyooka kama ya watu. Asubuhi ya mwisho tulipanda mimi na msichana wangu tu, yeye mbele, mimi nyuma, jua ndiyo linatoka upande wa pwani. Nilikuwa nautazama mgongo wake, nawaza nitauchora kwenye ukuta gani, buluu kiasi gani, kanga ipi, na mguu ukagonga jiwe.

Hakugeuka. Alisikia tu.

"Fundi," akasema, "umemwaga."